Kipimo cha kashata za tairi: nimekitumia mwaka mzima, haya ndo niliyoyaona

Hiki kipimo nilikinunua kwa sababu ya ubishi. Fundi wa tairi aliniambia tairi zangu za mbele zimekwisha, mi nikasimama pale pembeni ya gari nikaziangalia naona kashata (vile vibonge vya mpira vinavyogusa barabara) zimejaa tu, nikajua huyu anatafuta mteja wa tairi mpya, nikawasha gari nikaondoka. Nikaagiza kipimo ili nirudi kwake na namba mkononi. Kilipofika nikapima nikakuta fundi alikua sahihi kabisa, na nilishaendesha wiki mbili kwenye mvua na familia ndani. Ndo maana naandika hii kitu kwa urefu.

Kwa ambaye hajawahi kukiona, ni kidude kidogo kinachoenea kiganjani, kina kitako bapa na sindano inayochomoza katikati alafu kioo kidogo cha kusomea namba. Unakalisha kitako juu ya kashata, sindano inashuka kwenye mfereji mpaka iguse chini, unasoma milimita. Basi. Kabla ya kupima unakiweka juu ya kioo cha dirisha au kitu chochote kilichonyooka unabonyeza sifuri, hiyo hatua usiiruke maana changu kikikaa siku nyingi bila kutumika kinaanza na 0.2 au 0.3 badala ya sifuri hata kikiwa juu ya kitu kilichonyooka, na hiyo kwenye tairi lililobakiza kidogo ni nyingi sana.

Sasa kilichoniponza mimi ni hiki. Ukisimama pembeni ya gari unaona bega la nje la tairi, la ndani hulioni. Tairi langu la mbele kulia nje lilisoma 5.1, katikati 4.6, ndani 1.9. Tairi lilelile moja! La kushoto nalo hivyohivyo, ndani 2.1. Kwahiyo ukipima sehemu moja tu ukaridhika umejidanganya, pima sehemu tatu kwa upana, alafu sogeza gari kidogo upime tena upande mwingine wa mzunguko. Za mbele ni rahisi, unakata usukani mpaka mwisho bega la ndani linajitokeza lenyewe. Za nyuma lazima uiname au ulale chini kabisa, hakuna njia ya mkato.

Na hizo namba tatu zinaongea. Katikati ikiwa imelika kuliko pembeni umekua ukijaza upepo kupita kiasi, mabega yote mawili yakilika katikati ikabaki umekua ukitembea na upepo mdogo, bega moja likilika peke yake hapo ni alaimenti (magurudumu hayajakaa kwenye mstari) au kuna kitu kimelegea huko chini, na kashata zikiwa na mabonde mabonde ukizunguka tairi kwa kiganja basi angalia shokapu na balansi. Kwangu ilikua alaimenti, na chanzo chake tairodi endi moja (kiungo cha usukani kwenye gurudumu) ilikua inacheza. Fikiria ningebadilisha tairi tu bila kupima, zile mpya nazo zingekwenda njia hiyohiyo, zingelika ndani na mi ningelalamika tairi za siku hizi hazina ubora.

Kuhusu lini tairi linabadilishwa, ukiangalia ubavuni utakuta herufi TWI au kipembetatu kidogo, fuata usawa wake mpaka ndani ya mfereji utaona kinundu cha mpira. Kimo chake ni milimita 1.6. Kashata zikishuka zikalingana na kile kinundu tairi limekwisha, nchi za Ulaya hiyo 1.6 ndo kikomo cha kisheria, na majimbo mengi ya Marekani yanatumia inchi 2/32 ambayo ni karibu hukohuko. (Angalia usije ukaweka sindano juu ya kile kinundu, itakusomea pungufu ukapata presha bure.) Tairi jipya la gari dogo kwa kawaida linaanza karibu na milimita 8. Wengi wanashauri ukifika 3 ubadilishe kama unaendesha sana kwenye mvua, sababu ile mifereji kazi yake ni kutoa maji chini ya tairi na ikiwa mifupi maji yanakosa pa kwenda, tairi linaelea juu ya maji na usukani unakua mwepesi ghafla kama vile hauko kwenye lami. Michelin, watengenezaji wa tairi, wao wamekua wakisema wazi kwamba tairi zuri litumike mpaka 1.6 na kutupa mapema ni hasara. Mimi kwenye hili niko na wale wa 3. Ile siku usukani ulikua mwepesi mikononi mwangu sitaisahau, na tairi zilikua 1.9.

Kitu ninachokipenda zaidi kwenye hiki kipimo wala si kujua leo tairi likoje, ni kwamba ukiandika namba unajua litakwisha lini. Nilifunga tairi mpya mbili nyuma (ndio, nyuma, hata kama gari inavutwa na za mbele, maana nyuma ikiteleza kwenye maji gari inageuka na kuirudisha ni shughuli, mbele ikiteleza angalau unapunguza mwendo inashika tena), zile za nyuma zilizokua zimelika sawasawa nikazileta mbele. Siku ile mpya zilisoma 7.9 na hizi za mbele 5.8. Baada ya kilomita 10,000 za nyuma zikasoma 7.1, za mbele 4.5. Kwahiyo mbele inakula 1.3 kila kilomita elfu kumi, kufika 3 imebaki 1.5, yani kama kilomita elfu kumi na moja na kitu hivi. Najua kabisa lini nianze kuweka hela pembeni. Kabla ya hapo tairi kwangu ilikua ni dharura kila mara.

Mabaya yake sasa. Kina swichi ya kubadili milimita na inchi na imekaa palepale kidole gumba kinaposhika, mara mbili nimesoma namba nikashtuka kumbe kiko kwenye inchi. Betri inaisha hata ukikizima, mi sa hivi naichomoa kabisa nikimaliza. Ncha ya sindano ni nyembamba, inaweza kutua juu ya kijiwe kilichonasa kwenye mfereji ukasoma pungufu, kwahiyo safisha kwanza. Ukitaka kisicho na betri kipo cha kusukuma kwa mkono chenye mistari ya kuhesabia, kusoma sehemu za milimita ni kwa kukadiria ila hakikufi mkononi, na kwa kazi hii kinatosha kabisa.

Ila kuna mambo kipimo hakiyajui na hapa ndo watu wanaumia. Hakijui saizi. Nilipoenda kununua hizo mbili mpya gari yangu inatumia 195/65 R15 91H, duka la kwanza wakaniletea zenye mwisho 88 badala ya 91 wakasema ni zilezile. Si zilezile. 195 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya huo upana kwahiyo ni karibu milimita 127, R ni muundo wa "radial" (nyuzi zake za ndani zinakatiza kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine), 15 ni inchi za rimu. Ile namba ya mwisho ni mzigo, 91 inabeba kilo 615 kwa tairi moja na 88 inabeba 560, piga mara nne umepoteza uwezo wa kilo 220, na mtu anayejaza gari abiria watano na mizigo anaisikia hiyo. Herufi ni mwendo, H ni kilomita 210 kwa saa, T ni 190, V ni 240. Duka la pili wakataka kunipa 205/65 R15, eti pana zaidi ndo nzuri zaidi. Piga hesabu: rimu ya inchi 15 ni milimita 381, ongeza ubavu mara mbili, langu linatoka 634.5 na lile 647.5, limekua refu kwa asilimia 2, ukizifunga zote nne spidi halisi inakua kubwa kidogo kuliko ilivyokua mwanzo dashibodi ikisoma namba ileile, na kwa gari inayovutwa na magurudumu yote ukichanganya mbele na nyuma unaua difu. Nikakataa.

Hakijui umri pia. Duka la tatu (silitaji) walikua na saizi yangu sawasawa, kashata mpyaaa, karatasi juu, nikaangalia ubavuni mwisho wa ule mfululizo unaoanza na DOT, tarakimu nne: mbili za kwanza wiki, mbili za mwisho mwaka. Zilikua zimetengenezwa miaka minne nyuma na bei ya tairi ya jana. Muuzaji akasema tairi haliozi likiwa stoo. Mpira unazeeka hata likiwa limesimama tu, polepole zaidi kivulini ila unazeeka, unakua mgumu unapasuka vijistari. Watengenezaji wengi wanasema likishafika miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na miaka kumi ndo mwisho hata kama kashata bado zipo. Zilizotengenezwa miezi mitano nyuma nilizipata duka la nne, nilizunguka siku nzima na sijutii.

Na hakijui upepo wala uvimbe. Tairi likiwa na uvimbe ubavuni limekwisha, nyuzi za ndani zimekatika, usilizibe wala usilihamishie nyuma. Upepo pima asubuhi tairi likiwa baridi na fuata kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ile namba iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe ni kiwango cha juu kabisa, si cha kujazia kila siku.

Nyota nne kati ya tano, hiyo moja nimeitoa kwa ile swichi. Ningekipendekeza kwa mtu yeyote mwenye gari, hasa aliyenunua gari iliyotumika.

Wiki iliyopita nikakumbuka sijawahi kupima spea. Nikalitoa kwenye buti, nikalipima, 7.8 kila sehemu, zuri kama limetoka dukani leo. Nikaligeuza nikafuta vumbi nikasoma DOT: 3012. Wiki ya 30 ya mwaka 2012, limekua likinisubiri humo ndani muda wote huo na mi nikijua nina spea. Nimelipeleka kwa yule fundi wangu wa kwanza, nimemuomba samahani kwa ile siku, na nimesubiri palepale mpaka alipolikata ubavu kwa kisu, maana lenye kashata kama zile lingeuzwa tena kwa mtu.