TAHADHARI: Fundi wa kamera mjini Nairobi aliyenibadilishia shata ya Nikon FM2

Mlio na kamera za mkanda hapa Nairobi, someni kwanza kabla hamjapandisha ngazi za fundi yeyote. Kamera yangu imerudi na gamba lake lilelile, namba yake ileile, hata ule ukanda wa ngozi niliouunga kwa uzi baada ya kukatika bado uko. Ila shata iliyomo ndani, yaani lile pazia linalofunguka na kufunga ili mwanga ufike kwenye mkanda, si yangu. Na kwa huko kuibiwa nimelipa sh 14,500.

Jina la duka sitaliandika kwa sasa, madai yako njiani na sitaki apate la kushika. Nitawaeleza mchezo ulivyokwenda, kwa sababu nimesikia watu wawili wengine wakisimulia maneno yaleyale, mpaka ile "spea inatoka Dubai".

Kamera ni Nikon FM2 ya mwanzo, toleo la 1982. Ami yangu aliinunua Dubai enzi za ubaharia wake, akaja kuipigia picha za arusi Mombasa nzima mpaka macho yalipomkataza, ndipo akanipa mimi. Wanaoijua FM2 wanajua kwamba haiombi betri ili ipige. Shata yake inakwenda kwa springi na gia, kuanzia sekunde 1 mpaka 1/4000 ya sekunde, hata ukiiacha bila betri mwaka mzima. Zile betri mbili za mviringo kama vifungo vya shati kazi yake ni mita ya mwanga tu, yaani vitaa vitatu vyekundu unavyoviona pembeni ukichungulia: alama ya kujumlisha, duara, na ya kutoa. Likumbukeni hilo tunapoendelea.

Mwezi wa Januari vitaa vilizima. Nikanunua betri mpya, vikakataa. Nilipochungulia kitundu cha betri nikaona ukungu wa kijani, betri za zamani zilivuja. Kamera yenyewe ilikuwa inapiga kama kawaida. Mtu mwenye utulivu angechukua kijiti cha pamba, tone la siki, akafuta ile kutu na kungoja ikauke. Mimi nikasema kamera ya ami siichezei, wacha nimpelekee mwenye kazi yake.

Duka liko katikati ya mji, juu ghorofani. Ukiingia unapokewa na kabati la kioo lililojaa Yashica, Zenit, Canon, nyingine hazina lenzi, nyingine zimefunguliwa tumbo. Mimi nililipenda lile kabati. Nilidhani ni dalili ya fundi mkongwe. Siku hizi nikilikumbuka najiuliza zile kamera zina wenyewe wangapi wanaoambiwa waje Ijumaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ah, FM2! Hizi siku hizi hazionekani."

Akaufungua mgongo wa kamera kabla sijamwambia tatizo. Akaielekeza dirishani, akaweka 1/1000, akapiga, akapiga tena, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonja pilau ikamkubali. Nikamwambia mita ndiyo iliyokufa. Akasema ni sevisi ndogo tu, sh 3,500, wiki moja. Nikamtumia arbuni ya sh 2,000 kwa M-Pesa. Risiti aliyonipa imeandikwa "Kamera 1, matengenezo". Si jina la kamera, si namba, wala lenzi haikutajwa. Chini pana muhuri: mali isiyochukuliwa kwa siku 30 itauzwa. Nikaikunja nikaitia mkobani, sikuuliza kitu. Hapo kosa ni langu.

Wiki haijaisha simu ikaja. Shata imekufa.

"Mzee, shata umeipiga mwenyewe mbele yangu."

"Ilikuwa inapiga mwanangu, lakini si mwendo wake. Ndani imeliwa na kutu."

Anataka sh 7,000 zaidi aifungue na kuisafisha. Kutu ya kwenye kitundu cha betri ilifikaje kwenye shata, hakunieleza. Nikakubali, kwa ujinga na kwa kuiogopea kamera, lakini nikamwandikia ujumbe: "Mzee, safisha tu. Usibadilishe chochote bila kuniuliza." Akajibu kwa kidole gumba. Kile kidole leo ndicho kielelezo changu cha kwanza.

Februari ikapita, Machi ikapita. Mara umeme umekatika mtaa mzima, mara kijana mwenye ufunguo wa kabati kaenda msibani, mara kuna kijispringi kinangojwa kutoka Dubai. Nilipiga simu kila wiki, rekodi ninazo. Mwisho wa Aprili nikaambiwa iko tayari, tena iko tayari siku nyingi, nimeiacha siku 40, kwa hiyo kuna ada ya kuihifadhi, sh 100 kwa siku. Elfu nne! Za kuhifadhi kitu nilichokuwa nikikililia kila Jumatatu. Ami alikuwa anakuja Nairobi wiki ile kwa kliniki ya macho na nilitaka aikute nyumbani. Nikalipa.

Pale dukani nilitazama namba. Imechongwa nyuma ya kifuniko cha juu, na ni yenyewe. Nikachungulia, vitaa vikawaka. Nikashukuru, nikashuka ngazi. Mzee akanisindikiza mpaka mlangoni.

Nyumbani nikafungua mgongo nitie mkanda.

FM2 za mwanzo zina shata ya titani, vile vibapa vyake vimechongwa vijumba kama sega la nyuki. Ukiigeuzageuza kwenye mwanga vinametameta. Kwenye yangu sega hilo lilikuwa na kovu. Nilipokuwa na miaka saba nilipenyeza kidole pale ndani kuona kama ni laini, ami akanichapa kofi la mkono mbele ya bwana arusi aliyekuwa akingoja kupigwa picha. Kibapa cha pili kikabaki na mkunjo mdogo, mkubwa kama punje ya mchele, upande wa kushoto. Shata haikudhurika, ikaendelea kupiga miaka yote hiyo, na mimi kila nikibadilisha mkanda nilikuwa nautazama ule mkunjo.

Safari hii hapakuwa na mkunjo. Hapakuwa na sega. Vibapa vya kijivu, vyororo kama mgongo wa kijiko.

Kwa wasiojua: baadaye Nikon waliiacha titani, FM2 za miaka ya mwisho zikawa na shata ya alumini isiyo na vijumba. Si shata mbaya. Kama fundi angeniambia ya kwako imekufa, ninayo ya alumini, bei yake hii, na ya zamani hii hapa chukua, leo ningekuwa nawasifia kazi yake. Lakini mtu aliyeambiwa asibadilishe, akaweka kidole gumba, akabadilisha, huyo ana lake.

Na somo nililolipia ni hili la namba. Wengi tunajiona wajanja tukinakili namba ya kamera kabla ya kuiacha. Kwenye FM2 namba iko kwenye kifuniko, na kifuniko kinatoka kwa skrubu. Kikitoka na kurudi, namba inarudi nacho, huku matumbo yanaweza kuwa ya kamera nyingine kabisa.

Nikapiga simu. Kwanza alisema hajabadilisha kitu. Nilipomweleza habari ya vijumba akanyamaza kidogo, halafu hadithi ikageuka: "Mwanangu, mimi nimekuwekea mpya kwa huruma yangu, badala ya kushukuru unanipigia kelele." Nikauliza ya zamani iko wapi. Ameitupa. Fundi wa kamera anayeweka Zenit zisizo na lenzi kwenye kabati la kioo ameitupa shata ya titani! Nilipomwambia naja kuitafuta kwenye pipa la taka, akaniambia, "Mama, usinipotezee wakati." Kutoka mwanangu mpaka mama ndani ya dakika nne.

Hiyo "mpya" nayo nikaijaribu. Mkanda wa kasi ya ISO 200, jua la saa saba, tundu la lenzi f/8 kwa 1/1000, mahali ambapo huwezi kukosea hata ukiwa umefumba macho. Nikaupeleka kusafishwa. Picha zilizopigwa 1/250 kushuka chini ni nzuri. Za 1/1000 na 1/2000 zote zina utepe wa giza upande wa juu, kama mtu kaziwekea kope. Shata ina mapazia mawili, la kwanza linafungua na la pili linafuata kufunga; hapa pazia la pili linamkimbilia la kwanza na kumfunika kabla hajamaliza kufungua. Kwa hiyo niliyopewa ni shata ya mtu mwingine iliyochoka, na yangu iliyokuwa nzima imekwenda kwa mteja mwingine, nadhani kwa bei nzuri.

Fundi mmoja mzee wa Mombasa, ambaye hataki kuingizwa kwenye kesi za watu, alinitazamia baadaye. Alichoona cha kwanza ni skrubu za chini, vichwa vimeliwa. Kamera za Kijapani zina skrubu za msalaba zinazotaka bisibisi yake. Ukitumia ile ya kawaida ya duka la vyuma inateleza na kutafuna kichwa. Kitundu cha betri kimefutwa vizuri, akasema, kazi ya dakika kumi. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyokuwa nimeiomba.

Sasa, kama lazima upeleke kamera kwa fundi, chukua simu yako kabla ya kutoka nyumbani. Toa mkanda, fungua mgongo, piga picha ya shata ikiwa imefungwa, karibu kiasi cha kuonekana mikwaruzo. Halafu irekodi ikipiga kwa ile video ya mwendo wa polepole. Simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde itakuonyesha shata iko wazi kwa fremu kama 8 ukiwa 1/30, na kama 60 ukiwa 1/4. Mwendo wa juu hutaweza kuupima hivyo, lakini utakuwa na ushahidi kwamba ilitoka kwako ikiwa nzima na sura yake ni hii. Lenzi nayo ina namba yake, kwenye pete ya mbele, na kuvu iliyomo au isiyokuwemo ipige picha ukiielekeza kwenye taa. Mwambie fundi aandike yote hayo kwenye risiti mbele yako, na aandike kwamba kitu chochote kitakachotolewa utarudishiwa mkononi, hata kama ni skrubu iliyovunjika. Akikunja uso, kamera irudi mkobani. Siku ya kuichukua ifungue mgongo palepale kwenye meza yake kabla hujatuma hela iliyobaki. Mimi nilitazama namba na vitaa, nikaacha kutazama kitu pekee ambacho ningekitambua hata usingizini.

Kuhusu ule muhuri wa siku 30, usikutishe. Kenya tunayo sheria ya mali iliyoachwa kwa fundi, Sura ya 38, lakini inamtaka kwanza ampe notisi mwenye mali. Muhuri wa wino chini ya risiti haumpi ruhusa ya kukiuza kitu chako kimyakimya, wala kukutoza kodi ya rafu wakati yeye ndiye anayekuambia hakijakwisha.

Mimi nimekwenda Mahakama ya Madai Madogo, Milimani. Inasikiliza madai yasiyozidi sh 1,000,000, wakili si lazima, na sheria yake ya 2016 inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Kabla ya hapo nilimpelekea barua ya madai, nikaambatisha jumbe za M-Pesa, ule mkataba wa kidole gumba, na picha tatu zenye kope. Usiku wa siku ya tano, saa sita kasorobo, simu ikalia: sh 4,000 zimeingia, bila neno, bila salamu. Ni zile za kuhifadhi. Sikuzirudisha. Nimezitoa kwenye hesabu, nadai 10,500 zilizobaki na thamani ya shata.

Ami sijamwambia. Alipokuja aliishika, akavuta mkono wa kusogezea mkanda, akapiga mara moja karibu na sikio. Akaniuliza, "Umeipeleka kwa fundi?" Nikasema ndiyo, ami, mita ilikuwa imekufa. Akaguna, akairudisha mezani.

Ombi langu kwenu ni moja. Kama mwaka huu umenunua FM2 hapa mjini, au umetengenezewa na kuambiwa umebahatika kupata shata ya titani, sikulaumu, wewe ulilipa. Lakini fungua mgongo, igeuze kwenye mwanga, uhesabu kibapa cha pili. Ukiona upande wa kushoto pana mkunjo mdogo kama punje ya mchele, niandikie.