Rangi ya unga (powder coating, unga mkavu unaookwa) au ya kopo la kupuliza kwa vipuri vidogo?
Kwa kava ya tapeti (kifuniko cha juu ya injini) na mabraketi mi naenda na ya unga, inashika chuma kwa umeme ndo maana lazima ufunge waya wa athi (earth) kwenye kipuri chenyewe, halafu unaoka kama nyuzi 200 dakika 10 hadi 20, na unahesabu tangu chuma chenyewe kishike moto sio oveni, ikitoka hapo mawe ya barabarani hayaichubui ovyo. Oveni hiyo usipikie tena chakula jamani!

Ya kopo ni bei nafuu, Kampala umeme ukikatika kazi haisimami, unapuliza koti nyembamba nyembamba. Na kipuri chenye mpira au plastiki ndani ni kopo tu, oveni itakiharibu.