Uzoefu wangu: mashine ya boti ilikuwa inakunywa maji, fundi wa Mbeya kaiponya kwa kioo na msasa

Wakuu habari zenu, naandika hii kwa ajili ya wenzangu wenye boti huku Ziwa Nyasa, wa Matema, Itungi na hata wale wa Ikombe na Lumbila ambako bila boti hakuna usafiri wa maana, maana nimepoteza karibu mwezi mzima na gasketi mbili nzima (zile za kuziba kati ya silinda na kifuniko chake) kabla sijajua tatizo liko wapi.

Mashine yangu ni Yamaha Enduro 40, tu-stroki, silinda mbili, cc 703. Mdogo wangu ndo nahodha. Siku moja wakitoka Ikombe na mzigo wa vyungu, mfuko wa plastiki ukaziba pale mashine inapovutia maji, ikachemsha mpaka ikazima. Walirudi kwa makasia. Kuifungua tukakuta gasketi ya silinda hedi (hedi ndo hicho kifuniko cha silinda) imeungua katikati ya silinda na njia ya maji, kitu ambacho kwa mashine iliyochemsha ni cha kawaida tu, unabadilisha gasketi maisha yanaendelea.

Shida ilianzia hapo kwenye kubadilisha. Fundi wa kwanza (simtaji) alikuta gasketi ya zamani imegandia kwenye bloki (mwili wa mashine wenye silinda zenyewe) kama ukoko, akachukua patasi na nyundo akawa anaikwangua, sehemu zilizogoma akapitisha grainda yenye diski ya msasa. Me nilikuwepo nikaona chuma kinang'aa nikajua kazi safi kabisa. Tukafunga gasketi mpya, siku ya pili mashine asubuhi haiwaki, kufungua plagi ya silinda ya chini imelowa maji. Tukanunua gasketi nyingine, safari hii akapaka silikoni nyingi pande zote mbili, ikatembea siku 4 ikaanza kutoa moshi mweupe na nguvu ikaisha, boti yenye abiria 6 inasukumwa na wimbi kama ganda la mua. Siku ile nilipata hofu sana aisee, ule upande wa milima ya Livingstone hauna pa kukimbilia.

Shemeji yangu anayefanya biashara ya spea Mwanjelwa ndo akanielekeza kwa mzee mmoja ana karakana maeneo hayo hayo, kazi yake hasa ni silinda hedi za malori na pawatila. Nikafunga ile hedi kwenye kitenge nikapanda gari ya Kyela kwenda Mbeya. Kufika, mzee kaishika, kaigeuza, swali la kwanza: "Bloki iko wapi mwanangu?" Nikamwambia mzee nimeacha Matema. Akasema basi umeleta nusu ya ugonjwa, kalete nusu nyingine. Niliumia kwa kweli, ni kushuka Tukuyu yote mpaka ziwani na kupanda tena, ila nilikuja kuelewa alikuwa sahihi, kwa hiyo na wewe ukienda beba vyote usirudie safari kama mimi.

Sasa kilichonifurahisha. Mafundi wengi ukiwapelekea hedi wanakimbilia mashine ya kufesi (kukata uso wa hedi unyooke), wanakata tu. Huyu mzee hakukata kitu kabla ya kupima. Akaosha kwa thina mpaka silikoni yote ikaisha, akalaza rula nene ya chuma iliyonyooka juu ya hedi, akawa anapenyeza fila geji (visahani vyembamba vya chuma vya kupimia uwazi) chini yake, kwa urefu, kwa upana, na kwa kona zote mbili. Kitabu cha Yamaha kinataka isizidi 0.1 mm, hedi yangu ilikuwa inapitisha 0.15, imepinda kwa ule moto. Bloki yenyewe ilikuwa imenyooka, fila geji ya 0.05 haipiti, ila ndo iliyokuwa na majeraha. Akanishika kidole akanipitisha ukucha juu yake. Jamani unasikia kabisa ukucha unanasa! Mikwaruzo ilikuwa mingi ila akaniambia mingi haina neno, ile inayozunguka sambamba na tundu la silinda gasketi inaimeza. Wa kuogopa ni ule unaokatiza, unaotoka kwenye silinda moja kwa moja mpaka kwenye mfereji wa maji, huo ni mtaro tayari, moto unapitia humo kwenda kwenye maji na mashine ikizimwa maji yanarudi humo humo kuingia silinda. Na mimi nilikuwa nao mmoja wa hivyo, pale silinda ya chini. Yaani gasketi mbili nimetupa kwa sababu ya mchirizi mmoja wa patasi usiofika hata urefu wa njiti ya kiberiti.

Hedi aliinyoosha kwa mkono. Ana kioo kinene cha dirisha la duka, akakibandika msasa wa maji namba 240, akamwagia dizeli kidogo, akawa anaisukuma hedi kwa mtindo wa namba nane, bila kuigandamiza, kila baada ya muda anaigeuza upande ili isiliwe zaidi sehemu moja. Kabla ya hapo aliichorachora yote kwa kalamu ya wino, sehemu ambayo wino haujafutika ndo bado bonde. Wino ulipofutika wote akahamia namba 400 akamalizia 600. Nikamuuliza mzee si ungeiweka tu kwenye mashine ikakatwa dakika kumi, akasema ukikata sana chumba cha moto kinakuwa kidogo, mgandamizo unapanda, mashine inaanza kugonga na hiyo ni tu-stroki, pistoni itatoboka.

Bloki haiwezi kulazwa kwenye kioo, kwa hiyo alichukua kipande cha chuma kilichonyooka akakivalisha msasa. Ila kwanza aliziba silinda zote kwa vitambaa vyenye grisi na matundu ya maji pia, maana unga wa msasa ukiingia kwenye beringi za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) hiyo mashine umeiua, na hapo ndo nikakumbuka ile grainda ya fundi wa kwanza nikanyamaza. Alisugua taratibu mpaka ukucha ukaacha kunasa. Kulikuwa na shimo moja la patasi pembeni kabisa karibu na bolti ya nje, hilo akalijaza gundi ya chuma ya kuchanganya mbili, akaiacha ikauke usiku kucha ndo akaisawazisha. Nikamwambia kwa nini usingejaza na ule mtaro wa ndani, akakataa kabisa, pale kuna moto, gundi itang'oka siku ya kwanza.

Gharama: kazi yote 70,000, gasketi mpya orijino nikanunua mwenyewe. Ubaya wake alisema siku 2 ikawa siku 4, na simu hapokei akiwa kazini, ningekuwa sina ndugu wa kulala kwake pale Mbeya ingeniuma zaidi. Nampa 4 kati ya 5 kwa hilo tu.

Kufunga tulifungia nyumbani kwa maelekezo yake: gasketi kavu bila silikoni, maana silikoni ikimeguka inaenda kuziba njia za maji unachemsha tena, bolti unaanza za katikati unatoka nje, kwa awamu mbili, na toki renchi (spana ya kupima nguvu ya kukaza) ya kuazima. Tukaiwasha kwanza kwenye pipa la maji nusu saa.

Sa hivi inaenda mwezi wa tatu. Kila Jumamosi inapeleka vyungu mnadani Lyulilo, upepo wa kusini umeshaanza na mawimbi yake, na plagi nikifungua ni kavu, rangi ya kahawia, zote mbili zinafanana. Ile patasi nimeiomba kwa fundi wa kwanza tukiwa wawili tu, nikampa kikwangulio cha plastiki na kopo la thina, kakipokea vizuri.