Player's Handbook ya 2024: inunue, ila ile ya 2014 usiigawe

Niseme mapema, hiki kitabu cha sheria za wachezaji ni kizuri, na kama ndo unaanza Dungeons & Dragons leo (gemu la mezani la kuigiza wahusika na kurusha dadu) chukua hiki hiki cha 2024. Ila kama una kile cha 2014 na kampeni yenu (hadithi ndefu mnayoicheza) inaenda fresh basi hamna anayekukimbiza, na kwangu mimi hilo ndo jambo kubwa kuliko picha zake na kurasa zake 384.

Maana hivi vitabu ni hela jamani. Bei ya Marekani ni dola 49.99, hapo bado kusafirisha mpaka Dar, bado ushuru, na seti nzima ni vitatu, cha wachezaji kilitoka Septemba 2024, cha gemu masta (anayeongoza mchezo) Novemba, cha mazimwi Februari 2025. Sasa mtu akishatoa hela yote hiyo lazima ajiulize hili toleo litadumu miaka mingapi kabla hajaambiwa anunue tena.

Na hili gemu lina historia ya kutesa watu kwenye hilo. AD&D (jina la gemu hili enzi hizo) toleo la pili lilitoka 1989 likakaa miaka 11, hiyo ni heshima. Likaja la tatu mwaka 2000, watu wamenunua, wamezoea, 2003 hiyooo imetoka 3.5, miaka mitatu tu! Na ubaya wake vilifanana sana, kwa hiyo mtu mmoja ana kitabu cha 2000 mwingine cha 2003, mnaanza kubishana mezani uchawi fulani unadumu muda gani na kila mtu anakuonyesha ukurasa wake na wote wako sahihi. 2008 toleo la nne likavunja kila kitu, mhusika wako wa zamani hahamishiki kabisa, na vitabu vikamiminwa kama maji ya bomba lililopasuka, cha pili cha wachezaji 2009, cha tatu 2010, mwaka huohuo Essentials (vitabu vya toleo hilohilo vilivyorahisishwa), na 2014 toleo zima likaachwa. Waliokataa kuhama toka 3.5 wengi walienda Pathfinder, gemu pinzani la kampuni ya Paizo, ambalo toleo lake la kwanza limeishi 2009 hadi 2019.

Ndo maana toleo la tano, hilo la 2014, nalipenda kwa moyo wote. Walitoa vitabu polepole. Kitabu kikubwa cha kwanza cha kuongezea klasi (aina za wahusika) zote vitu vipya, Xanathar's Guide to Everything, kilikuja Novemba 2017, kingine kama hicho, Tasha's, 2020. Ulikuwa na muda wa kuzijua sheria, unacheza kampeni inaisha unaanza nyingine bado kitabu ni kilekile, hata mtu mpya akija mezani haoni rundo la vitabu akaogopa.

Sasa hiki kipya. Kitu nilichokipenda zaidi ni silaha, maana zamani faita (mpiganaji) kazi yake ilikuwa napiga, napiga, nimemaliza, anakaa anasubiri mchawi afanye mambo ya maana. Sasa hivi akiwa na nyundo kubwa ile ya mikono miwili, akimpata adui, adui anarusha dadu ya Constitution (uimara wa mwili) na akishindwa anaenda chini, wenzake wanamfuata pale pale chini. Akiwa na upanga mrefu anamfanya adui shambulio linalofuata arushe dadu mbili achukue ndogo. Faita wa mezani kwetu siku hizi hashiki simu wakati wa mapigano. Cure Wounds, uchawi wa kuponya, nayo imepanda toka dadu moja ya pande 8 mpaka mbili, ilikuwa inahitajika. Na nyuma kuna sehemu ya maana za sheria zimepangwa kwa alfabeti, unaipata haraka sana.

Tumechanganya, mmoja mhusika wa 2014 wengine wa 2024, adventure ya zamani, na inachezeka. Wa 2014 anajiona mnyonge kidogo na gemu masta inabidi aongeze zimwi moja mawili kwenye pambano, basi. Call of Cthulhu bado wanawazidi hapa lakini, gemu lingine la mezani la 1981, toleo la saba la 2014, na hadithi za zamani unazicheza kwa kuzidisha namba tu mara tano, nguvu 12 inakuwa 60, umemaliza.

Lawama yangu ni jina. Vitabu vyote viwili vinaitwa Player's Handbook na jaladani hakuna namba ya toleo, kwa hiyo ukinunua mtandaoni au cha mkononi angalia picha: joka la dhahabu ni 2024, jitu la moto ni 2014.

Na upande wa mtandaoni kuweni makini. Agosti 2024 D&D Beyond, tovuti rasmi ya gemu hili, walitangaza kwamba uchawi na vifaa vya zamani kwenye karatasi za wahusika vitabadilishwa kuwa vya 2024, watu wakapiga kelele sana wakarudi nyuma. Wamerudi vizuri, nawapongeza, ila ndo ujue kitabu cha karatasi kiko kabatini kwako na hakuna wa kukibadilisha usiku umelala.

Kama hela haipo kabisa usijibane. Sheria za msingi za 2014 ziko chini ya leseni huria ya Creative Commons toka Januari 2023 na hazirudishwi, za 2024 nazo ziliwekwa Aprili 2025, zinaitwa SRD 5.1 na SRD 5.2, unadaunilodi bure kihalali kabisa. Kila klasi ina tawi (aina ndogo ya klasi) moja tu humo lakini kampeni nzima inachezeka. Chezeni nazo kwanza, mkinogewa mchangiane mnunue cha wachezaji kimoja cha meza nzima, cha mazimwi baadaye, cha gemu masta mwisho kabisa.