Kasri la Les Milandes: nyumba ya Josephine Baker, kutoka jukwaani hadi kwenye siasa

Kasri la Les Milandes, lililoko Dordogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, lilijengwa mwaka 1489, lakini wageni wengi hulipa kiingilio kwa ajili ya Josephine Baker, Mmarekani mweusi kutoka St. Louis aliyehamia Paris mwaka 1925 akiwa na umri wa miaka 19, akavuma kwa dansi, na mwaka 1937 akapata uraia wa Ufaransa.

Mavazi ya jukwaani ndiyo huvuta macho kwanza, hasa ile sketi ya ndizi bandia aliyodansi nayo, na bafu lake la rangi nyeusi na dhahabu linapendeza kweli. Hata hivyo, namsihi mgeni atenge muda mrefu zaidi kwa ajili ya sare na medali, kwa maana hapo ndipo ulipo uzito wa nyumba hii. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Baker alizigeuza safari zake za maonyesho kuwa njia ya kuvusha siri za kijeshi, zikiwa zimeandikwa kwa wino usioonekana kwenye karatasi zake za muziki, na kama angekamatwa, umaarufu usingemwokoa. Amani iliporudi hakutulia. Mwaka 1951 alikataa kutumbuiza Miami mpaka watu weusi waruhusiwe kuketi ukumbini pamoja na weupe, na tarehe 28 Agosti 1963 aliuhutubia umati wa maandamano ya kudai haki za watu weusi mjini Washington akiwa amevaa sare ya Ufaransa Huru, jeshi la Wafaransa walioendelea kupigana na Ujerumani wakati wa vita. Hakuwa mbunge wala waziri, lakini kwangu mimi huyu ni mwanasiasa kamili.

Hata malezi yake yalikuwa siasa: aliasili watoto 12 wa asili mbalimbali ili kuonyesha kwamba binadamu wa rangi zote wanaweza kuishi kama ndugu. Madeni yalimlemea, kasri likauzwa, na mwaka 1969 akatolewa kwa nguvu. Jikoni, mahali alipojifungia akikataa kuondoka, pasipitwe haraka.

Maonyesho ya ndege wawindaji bustanini yatawafurahisha watoto. Kufika huko bila gari ni kazi, na kwa kuwa kasri hufungwa majira ya baridi, ni vyema kuhakikisha tarehe kabla ya kusafiri. Anayeishia Paris anaweza kwenda Panthéon, jengo la kuwaenzi mashujaa wa Ufaransa, alikoenziwa tarehe 30 Novemba 2021, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo, ingawa mwili wake umebaki Monaco.