Miezi sita kwenye apatimenti ya Kijenge inayotazama Meru

Wiki hii narudisha funguo za apatimenti niliyopanga ghorofa ya nne, Kijenge, Arusha. Dalali alinisifia makabati ya jikoni na marumaru. Mimi nalisifu jengo lenyewe.

Mzee anayelinda geti yupo tangu msingi unachimbwa. Anasema wapangaji wa kwanza walikuwa watumishi wa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyokuwa kwenye kituo cha mikutano cha kimataifa cha Arusha, AICC, tangu 1995 hadi ikafungwa Desemba 2015. AICC nayo ilijengwa iwe makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile iliyovunjika 1977. Kwa hiyo hata chumba nilicholala kina mkono wa historia hiyo, na kila nikianika nguo juu ya paa niliifikiria.

Lakini kilichonishika ni roshani. Aliyechora ramani alizigeuza sebule zote nzuri kaskazini, kwenye Mlima Meru. Nilidhani ni kwa ajili ya mandhari tu, mpaka ukafika mwezi wa sita. Huku kwetu, kusini kidogo mwa ikweta, Juni na Julai jua la mchana hukaa upande wa kaskazini. Mawingu yakiachia tu, linaingia ndani wakati baridi ya Arusha inauma kweli. Desemba jua huhamia kusini, na sebule ileile inabaki na kivuli. Hakuna hita wala kiyoyozi humu, na sikuwahi kuvitamani.

Mchoraji huyo akafikiria na maji. Miamba ya volkano ya Meru hutia floridi nyingi kwenye maji ya huku, ndiyo inayogeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia, na kuyachemsha hakuiondoi. Kwa hiyo jikoni kuna bomba la pili, la maji ya mvua kutoka paani. Bahati mbaya wasimamizi wa sasa wameacha mifereji ijae majani na tangi limekauka. Nimenunua maji ya kunywa miezi yote sita. Nililalamika mara tatu. Kazi nzuri kama ile kuachwa hivyo inaniuma.

Umeme ukikatika jenereta linawasha taa, lifti hapana. Ulinzi mzuri, majirani watulivu. Kodi ni ya miezi sita kwa mkupuo.

Ukienda kuangalia, omba upande wa kaskazini. Za kusini kodi ni ileile, na mlima huuoni.