Lushoto naipenda, ila nyumba ile ilimnyima mwanangu moto

Naandika nikiwa bado na hasira. Nilijipa muda ipoe, haijapoa. Jina la nyumba silitaji, lakini iko Lushoto, juu kidogo ya mji, ina bustani nzuri ya maua na vyumba vya mbele vyenye meko ya kuotea moto. Aliyewahi kulala pale ataijua.

Mimi ni mhasibu kwenye taasisi ya serikali. Wenzangu wa kazi hii wanajua maana ya Juni: mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, na shule nazo zinafunga mwezi huohuo. Wanangu wanapokuwa nyumbani kutwa, ndipo mimi narudi usiku nakuta wameshalala, dada ananisimulia nani kala na nani kagoma. Likizo ya Juni nimeikosa miaka na miaka. Safari hii nilimbembeleza bosi mpaka akanipa siku chache, na hata hizo, asubuhi ya kuondoka nilipitia kwanza ofisini kusaini hati za malipo. Tulipoanza kuitafuta Chalinze jua lilikuwa limeshakuwa kali.

Lushoto sikuiona kwenye matangazo. Nilienda kabla sijaolewa, nikarudi na baba watoto, tukarudi tena binti yetu akiwa wa kubebwa mgongoni. Chumba kilekile kila mara. Tuna picha yake pale, kafungwa kwenye blanketi, nyuma yake kuni zinawaka. Picha hiyo ameikuza mwenyewe kwa maswali: nilikuwa nalia? Moto ulikuwa unatoa sauti? Sasa yuko darasa la tano, na mdogo wake, mtoto wa Kimara, hajawahi kulala chumba chenye moto. Kwa hiyo nilipiga simu mapema, nikataja chumba chenyewe, nikatuma nusu ya hela kwa simu. Meseji ikarudi: "Tumepokea, karibuni sana."

Kutoka Mombo kwenda juu ni kama kilomita 33, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Giza lilitukuta Soni. Maporomoko ya maji tukayasikia tu. Baba watoto alikuwa kashika usukani bila kuongea, watoto wamevaa masweta mawili mawili, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sijawa nayo tangu mwaka uanze.

Mapokezi kulikuwa na binti mmoja, kijana tu. Tukamsalimia, akaitika macho yakiwa kwenye simu. Nikataja jina. Akafungua daftari la kaunta, nami nikaona kabla yake: jina langu limekatwa kwa biki nyekundu, pembeni pameandikwa "kundi". Akasema tutalala vyumba vya nyuma, karibu na tanki.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, mimi nimelipia cha mbele, na meseji yenu hii hapa."

Hakuitazama. Akasema, "Mama, wale ni watalii. Nyie ni Watanzania, baridi hii mmeizoea."

Nimefanya kazi na watu muda mrefu, nimetukanwa na wadai, nimefokewa na wakubwa, lakini maneno yale yalinishika kooni. Tumeizoea wapi? Lushoto iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, sisi tumetoka pwani mchana uleule! Na hata kama tungekuwa wazaliwa wa Lushoto, hela yangu ilipokelewa bila kuulizwa uraia.

Tukabeba mizigo. Njia ya kwenda nyuma inapita mbele ya dirisha la chumba kile, na pazia lilikuwa wazi. Moto unawaka, kuni zimepangwa vizuri, kiti kimesogezwa karibu. Ndani hapakuwa na mtu. Kundi zima lilikuwa ukumbini linakula. Mwanangu wa kiume akasimama, akaweka viganja kwenye kioo. Dada yake akaniuliza, "Mama, kwani sisi hatukulipa?"

Niambie, mzazi mwenzangu, unajibu nini hapo? Ningesema tumelipa, angeuliza mbona hatuingii. Nikamshika mkono tukaendelea. Baba watoto alitaka turudi kaunta, nikamkataza, maana nilijua nikifungua mdomo watoto wataniona nisivyotaka wanione. Nimewapa siku chache kwa mwaka mzima, sikutaka waziweke kichwani na mama anayepiga kelele. Watalii sina ugomvi nao, wala hawakujua.

Chumba cha nyuma kilikuwa na blanketi moja jepesi kwa kila kitanda. Bomba la moto lilitoa maji baridi. Nilikuwa nimeshaanza kuandika haya kwenye simu palepale, na hukumu yangu ilikuwa fupi: usiende.

Halafu mlango ukagongwa. Mpishi, mzee wa makamo ya baba yangu, ameshika ndoo ya maji yanayotoa mvuke, mablanketi mawili begani. Akasema, "Nimesikia kuna wajukuu wanatetemeka." Akatuchukua jikoni kwake. Sufuria kubwa la maharage lilikuwa juu ya mafiga, akawawekea watoto vigoda karibu, akawapa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Akamwachia mdogo asukume kuni ndani kidogo kidogo, akimwelekeza ashike wapi asiungue. Mtoto alisinzia palepale, uso mwekundu kwa joto. Sijui kama chumba cha mbele kingetupa usiku ule. Nasema hivyo, kisha namkumbuka amesimama kwenye dirisha, nakasirika upya.

Maana wema wa mpishi si huduma ya ile nyumba. Ni wa kwake. Meneja alikuja asubuhi, akasema "mawasiliano hayakukaa sawa", akaahidi kunirudishia tofauti ya bei ya vyumba. Pole hakusema, si kwangu wala kwa watoto.

Siku zilizobaki zilikuwa njema na nitazitaja haraka. Irente, ukisimama ukingoni unaiona tambarare yote ya Mazinde na Mombo chini kabisa, baba watoto akawa kawashika wote wawili kola za masweta. Msitu wa Magamba tuliwaona mbega, weusi wenye mikia myeupe. Jibini ya Irente tumeimaliza kabla ya kufika Segera. Mahali penyewe pamebaki palepale nilipopaacha, nashukuru.

Nilikuwa nimeandika nyota moja. Binti akasoma begani kwangu, akasema mzee wa jikoni itakuwaje. Nikaweka mbili. Kisha nikafikiria ile biki nyekundu, nikarudisha moja. Ukienda, agiza chumba kwa maandishi, na uwahi kufika kabla ya giza. Ukikuta mpishi bado yupo, kaa jikoni. Mkikataliwa chumba mlicholipia, msikubali kama nilivyokubali, na mlango wa meneja mgongeni usiku uleule.

Na mwenye nyumba kama unasoma: tofauti ya bei mpaka leo haijaingia, namba yangu mnayo, ile ile iliyotuma malipo. Ikiingia, mpeni yule mzee.